Kuku ya Nganga na Kartoni ya Muchuuzi wa Afya

Kuko neno moja ambayo tunasikia sana katika miji yetu, kuanzia Lubumbashi mpaka Likasi na Kolwezi, na wenye kuisema si wajinga, ni watu wa masomo kama sisi. Wanasema: "Hizi poda na vidonge vya Bachina haiko dawa ya bazungu. Ni mizizi na majani, ni mila ya miaka elfu. Weye unayelilia mila ya bankambo, sababu gani unakataa mila ya benzako?" Kisha kusema vile, wanafungua kartoni.

Tunataka kujibu neno hii kwa urefu, sababu haiko neno ya bule. Inagusa kitu ambacho kitabu chetu hiki kinataka kulinda. Kama mila ni kila kitu chenye kutoka ku mizizi na chenye miaka mingi, basi ndugu zetu wana haki, na sisi tufunge mudomo. Lakini kama mila ya kuponyesha ni masikilizano kati ya mugonjwa, ndugu zake na yule mwenye kushika dawa, basi kartoni haiko mila, hata kama ndani yake kuko mizizi ya kweli. Ni hii ya pili tunaamini. Na ili isisemwe kama tunatukana watu wa hapa juu ya wivu, tutachukua mutu moja wa kule kwenyewe, Uchina, ambaye kazi yake ilichunguzwa na wenzake wa inchi yake na kuhukumiwa na mahakama ya inchi yake.

Mutu yule anaitwa Shu Yuhui. Alizaliwa mwaka wa 1968 katika jimbo la Jiangsu, na mwaka wa 2004 akaunda ku Tianjin, muji mukubwa wa bandari karibu na Beijing, kampani yenye jina Quanjian. Wapenda mpira wanaweza kukumbuka jina ile. Mwaka wa 2015 kampani ilinunua timu ya mpira ya Tianjin, ikaipa jina yake. Fabio Cannavaro akawa kocha. Mwanzo wa 2017 wakafika Alexandre Pato na Axel Witsel, yule Mubeljiki ambaye Juventus ilikuwa inamungojea. Katikati ya mwaka uleule akafika Anthony Modeste. Ni wakati ule feza ya Uchina ilikuwa inavuta wachezaji wa dunia yote, hata mutoto wetu Cédric Bakambu alikwenda kule 2018, lakini yeye ku timu ingine, ya Beijing. Tulikuwa tunajiuliza, pale tunaangalia mpira: kampani gani inaweza kulipa watu kama hawa? Iko na petroli? Iko na kobalti yetu?

Ilikuwa inauzisha soli za kuingiza ndani ya viatu. Jozi moja yuan 1,068, ni kusema zaidi ya dola 150 za wakati ule, na wachuuzi walikuwa wanasema ya kama zinanyoosha miguu ya kupinda na kusaidia hata moyo. Ilikuwa inauzisha maji ya matunda na poda za majani. Ilikuwa inauzisha vitambaa vya mwezi vya wamama, ambavyo, tusamehe kusema, vilisifiwa kuponyesha magonjwa ya wababa. Na ku maduka yake ya "dawa ya moto" mugonjwa alilazwa, wakamuwekea vitambaa vya maji yulu ya mugongo ao ya tumbo, wakamwanga alkoli, wakawasha. Kampani ilijisifu iko na maduka ya namna ile zaidi ya 7,000.

Tusikilize sasa hadithi ambayo Shu alikuwa anatangaza juu yake mwenyewe, sababu hapa njo tunaguswa sisi watu wa mila. Alisema ametembea, amekusanya mamia ya dawa za siri za vijijini, ameziokoa zisipotee pamoja na wazee. Mutu akisema hivi ku mukutano wetu, si tungemupigia makofi? Si tungemupa kiti cha mbele? Ni maneno yetu yenyewe. Tofauti ni kama sisi tunakusanya ili tuandike na kila mutu asome. Yeye alikusanya ili iendelee kuwa siri, lakini siri yenye bei.

Mwaka wa 2012, katika Mongolia ya Ndani, mutoto mwanamuke wa miaka 4 alipatikana na kansere. Hospitali ilianza kumutunza na dawa zile kali ambazo zinaangusha nywele na kuleta kutapika. Baba yake, mutu wa kawaida, akaambiwa ya kama kuko dawa ya mila isiyotesa mutoto. Ni muzazi gani asiyetaka kusikia neno kama ile? Aliacha dawa ya hospitali, akashika ya Quanjian. Ugonjwa ukaendelea mbele. Wakamurudisha ku hospitali, lakini ulikuwa umesambaa. Na wakati mutoto yuko katika maumivu, picha yake ilikuwa inatembea ku intaneti na maneno ya kama dawa ya Quanjian imemuponyesha. Baba akashitaki. Akashindwa: mahakama ilisema hana ushahidi wa kutosha. Mutoto akafa mwisho wa 2015, mwaka uleule kampani ilinunua timu ya mpira.

Miaka mitatu ikapita bila kitu. Tarehe 25 desemba 2018, kikundi cha waganga na waandishi wenye jina Dingxiang Yisheng kikatoa ku intaneti maandishi marefu juu ya kampani ile na juu ya mutoto yule. Kesho yake kampani ikajibu kwa kasirani: ni uwongo, ondoeni, ombeni musamaha. Wao wakajibu ya kama hawaondoe, na kama kampani inataka kushitaki, ishitaki. Watu wengi mamilioni wakasoma. Tarehe 7 januari 2019 polisi ya Tianjin ilikuwa imekamata Shu na wenzake, watu 18 wote pamoja. Serikali ikafungua kazi ya siku 100 ya kuchunguza biashara ya vitu vya afya katika inchi yote. Timu ya mpira ikavuliwa jina, na mwezi wa tano 2020 ikakufa. Tarehe 8 januari 2020 mahakama ikamuhukumu Shu Yuhui kifungo cha miaka 9 na kulipa yuan milioni 50. Kampani ilipe yuan milioni 100.

Sasa tuangalie vizuri, sababu hapa wengi wanapita haraka. Mahakama haikumuhukumu juu ya mizizi. Haikusema mizizi ile ni mibaya ao ni mizuri. Ilimuhukumu juu ya kupanga na kuongoza ngazi ya watu: kila mutu anaingia kwa kununua, analeta wengine chini yake, na wale wanaleta wengine, na feza inapanda kutoka chini mpaka yulu. Biashara yenyewe haikuwa soli ya kiatu. Biashara ilikuwa mutu mwenye kuleta shangazi yake.

Wenye miaka yetu hatuna lazima ya mwalimu wa kutufundisha ngazi ile. Tulikuwa wadogo, lakini tunakumbuka Bindo. Wazazi wetu walipeleka makuta ku Bindo Promotion, wa kwanza wakalipwa vizuri na wakanunua friji, wa nyuma wakakuta mulango umefungwa, na mwaka wa 1991 inchi yote ikalia. Bindo alikuwa na kosa moja ku macho ya wachuuzi wa leo: hakukuwa na kitu cha kushika mukononi. Feza inaingia, feza inatoka, mutoto anaweza kuona mutego. Weka kartoni ya poda katikati, na mutego unapata nguo. Mwenye kupoteza hawezi hata kulia kama amenyanganywa, sababu watamujibu: si ulipata poda yako?

Lakini, watasema, yule Shu alikuwa mwizi moja, na wizi wake hauchafue mila ya Uchina. Tunakubali, na tutaongeza kitu. Tutawaonyesha Muchina mwingine ili tuone vile mila ya Uchina yenyewe inatembea.

Tu Youyou alizaliwa 1930. Hakukuwa na dokta, hakukusoma ku inchi za inje. Mwaka wa 1969 aliingizwa katika kazi ya siri ya waaskari, iliyoanza 1967, ya kutafuta dawa ya malaria. Yeye na wenzake walifungua vitabu vya zamani. Katika kitabu cha Ge Hong, cha zaidi ya miaka 1,600, kulikuwa maneno machache juu ya mumea qinghao: uuloweke katika maji, uukamue, unywe. Haikusema uuchemshe. Tu akawaza ya kama pengine moto njo unaharibu nguvu ya dawa, akatumia njia isiyohitaji moto mukali, na 1971 dawa ikakamata. Mwaka wa 1972 yeye mwenyewe na wenzake walikunywa mbele ya kuipa mugonjwa. Miaka mingi watu hawakujua hata jina yake. Nobel ilimufikia 2015, akiwa na miaka karibu 85. Na inchi yetu tangu 2005 ilichagua dawa zenye kutoka ku mumea ule kwa kutunza malaria ya kawaida. Mutoto wa Katuba ao wa Ruashi mwenye kuponyeshwa na dawa ile ku centre de santé ameponyeshwa na mila ya Uchina. Kwa hiyo hatutaki tena kusikia ya kama tunadharau mila ya Wachina. Ndani ya nyumba zetu tunaimeza.

Angalia basi wale wawili. Wote walisema "vitabu vya zamani, majani ya zamani". Moja alijaribu yulu ya mwili wake, akaandika, akaruhusu wengine wahakikishe, na mila ikawa ya kila mutu. Mwingine alifunga, akatia bei, na aliyeuliza akaitwa adui. Mwaka wa 2015 moja alipokea Nobel, mwingine alinunua timu. Ni dunia tuko ndani yake, hatushangae sana.

Tuje sasa kwetu, ku bankambo.

Namna nganga alilipwa inajulikana na kila mutu aliyekaa kijijini, hata wiki moja ya konje. Mutu anapokuja na mugonjwa, analeta kitu kidogo cha kufungua: kuku, jembe, kitambaa, kufuatana na kabila. Kile ni cha kusema "tumefika, tusikilize". Malipo yenyewe yanakuja nyuma, wakati mugonjwa amesimama. Asiposimama, nganga anaweza kukaa na kuku yake, lakini mbuzi haione. Na nganga anakaa palepale, ku njia ileile ya kwenda ku muto. Kila asubui anapita mbele ya nyumba ya wale aliowatunza. Jina lake linapanda ao linashuka kwa kinywa cha majirani. Tunauliza: kartoni inalipwa wakati gani? Mbele. Mugonjwa asipopona, muchuuzi anasema nini? "Ulikunywa kidogo. Chukua ya miezi tatu." Hapa kutopona inaleta makuta kuliko kupona! Hakuna nganga wa kijiji aliyeweza kusema vile mara tatu kwa familia moja.

Kitu cha pili ni kikubwa zaidi. Mutaalamu wa Marekani, John Janzen, aliyekaa kwa Bakongo wa Bas-Zaïre, aliandika kitabu kilichotoka 1978 juu ya namna watu wanatafuta uponyaji. Aliona kitu ambacho sisi tulikuwa tunaishi bila kukipa jina: mugonjwa hachague peke yake. Ndugu wanakutana, wa upande wa mama na wa upande wa baba. Wanapima: tumupeleke ku hospitali? Kwa nganga? Kuko neno kati yetu lenye halijasemwa? Wanalipa pamoja, wanasindikiza pamoja, na wanaweza kumutoa mugonjwa kwa nganga ambaye hawamuamini tena. Hata hapa mujini, mbele ya mulango wa hospitali yoyote, si unakuta wamama wameweka mikeka, masufuria, na wajomba wanahesabu makuta chini ya muti? Ile ni baraza ya uponyaji. Ni mila yetu kuliko muzizi wowote. Mugonjwa yuko katikati, undugu unamuzunguka.

Muchuuzi wa afya anachukua undugu ule na kuugeuza. Anakuambia uandike ku karatasi majina ya watu mia moja unaowajua, kuanzia wale wa karibu: dada, shemeji, mulezi wa ubatizo, jirani. Zamani majina yale ungeyaita siku ya ugonjwa wako, waje. Leo ni majina ya kuuzishia. Shemeji hawezi kukatala juu ya heshima ya mahari. Anaponunua, hanunui poda, analipa heshima. Dada anaponunua analipa huruma. Na hesabu ya sukari ku damu ya dada haimuhusu muchuuzi, pointi ya dada njo inamuhusu. Tunajua familia ambazo leo, wakati wa kilio, watu wawili hawakae ku mukeka moja juu ya deni ya kartoni. Tuitaje mila, kitu chenye kuvunja mukeka wa kilio?

Kuko mambo ya kuchekesha kidogo ndani yake. Ku nyumba nyingi za wachuuzi hawa, hatutaji jina la kampani sababu ziko nyingi na zinafanana sawa mayai, utakuta mashine yenye kijiti cha chuma. Unashika kijiti kwa mukono, dakika moja, na komputa inatoa karatasi: maini yako hivi, figo zako vile, mifupa inakosa hiki. Na kile mifupa inakosa, kumbe, kiko palepale ndani ya kabati! Bankambo walikuwa na kilumbu wa kuangalia sababu ya ugonjwa. Kilumbu angalau alikuwa anauliza maswali, na familia ilikuwa na haki ya kusema "hapana, haiko ile". Kijiti hakijibiwe. Watu wa masomo, wenye kufundisha fizika, wanashika kijiti na wanaitikia.

Hapa tunafika ku kazi yetu sisi waalimu. Ku Uchina, sheria ya 2005 juu ya biashara ya mukono kwa mukono inasema ya kama muchuuzi alipwe tu yulu ya kile aliuzisha mwenyewe, na malipo isipite 30 kwa mia. Mwenye kununua anaweza kurudisha kitu ambacho hajafungua ndani ya siku 30. Na inakataza kabisa kuandika watu fulani kuwa wachuuzi: wasiofika miaka 18, wanafunzi, waaskari, wafanyakazi wa serikali, waganga na wauguzi, na waalimu. Soma tena: waalimu. Sababu ni wazi ku macho yetu. Hawa ni watu ambao mwingine hawezi kuwakatalia. Muzazi hawezi kukatalia mwalimu wa mutoto wake, mugonjwa hawezi kukatalia mwenye kushika sindano.

Kwetu, ni nani anaalikwa wa kwanza? Tumesikia maneno ile ndani ya chumba cha waalimu, wakati wa mapumuziko, na tunaiandika vile ilisemwa: "Mwalimu, weye bantu banakuaminia. Uko na batoto mia mbili, ni kusema bazazi mia mbili. Hauone ile ni utajiri?" Utajiri! Kile sheria ya Uchina inaona kama hatari ya kufungia mulango, kwetu kinaitwa utajiri, na kinaletwa na watu wenye kujiita marafiki wa Uchina.

Hatuwacheke wenzetu walioingia. Tunajua mushahara. Masomo ya primeri yalitangazwa ya bule 2019, lakini sisi wa sekondari tuliendelea kuishi na makuta ya wazazi, na mwezi ambao wazazi hawana, na sisi hatuna. Tunakumbuka vilevile wazee wa Gécamines, zaidi ya 10,000, ambao 2003 na 2004 walipewa bahasha na kuambiwa waende nyumbani kwa "mapenzi yao". Mutu mwenye miaka 50, aliyezoea sirene ya kampani, anabaki na bahasha na hana kazi. Anayekuja kumuambia "utakuwa mukubwa, utakuwa na watu chini yako, utapewa motokari" anaongea na kidonda chake. Shu Yuhui hakuokota masikini wa fikiri. Aliokota watu waliochoka kungojea. Ni kwa hiyo tunasema dawa ya jambo hii haiko kuwatukana wanaoingia, ni kuwanyima wachuuzi viti vya heshima ambavyo tunawapa sisi wenyewe: ku kanisa, ku masomo, ku redio, na ku vyama vya mila.

Wengine watatuambia: na banganga wa kwetu, hawadanganye? Wanadanganya, tena sana. Sikiliza redio za hapa asubui: chupa moja inaponyesha magonjwa kumi na mbili, kutoka malaria mpaka kukosa viza. Wako na jina "Dokta", wako na namba ya telefone, wako na bei ya mbele. Na tusisahau ya kama zamani pia kilumbu mubaya aliweza kumutupia bibi kizee lawama ya ulozi, na bibi akafukuzwa. Hatupambe bankambo. Lakini tuangalie hawa wa redio wanaiga nani. Hawaige mukambo wa kijiji mwenye kungojea mbuzi yake miezi mitatu. Wanaiga muchuuzi wa kartoni: siri, bei ya mbele, dawa moja kwa kila kitu, na ushuhuda wa mutu ambaye hakuna anayemujua nyumba. Mwenye kuleta kartoni kwa jina la mila amefundisha hata banganga wetu kuacha mila.

Tunafika ku jambo ambayo njo ilitufanya tushike kalamu. Kwa sikukuu ya mila ya mwaka huu, muchuuzi moja amesema ku kamati ya chama chetu ya kama atalipa tenti, viti na chakula cha wachezaji wa ngoma. Anaomba meza moja ku mulango, na dakika 30 za mikrofoni juu ya "dawa ya asili na afya ya familia". Wenzetu wanne wa kamati wamesema ndiyo. Sababu yao inaeleweka: mwaka uliopita mvua ilitunyeshea, wazee wakakaa wamelowa, haya ikatushika wote.

Sisi tunasema hapana, na tunaomba jina letu liandikwe ku kitabu cha mukutano. Dakika 30 za mikrofoni ku sikukuu yetu, mbele ya mufalme wa kikao na wazee wa makabila matano, haziko sawa na dakika 30 ku soko. Mama aliyekuja kuona ngoma ya kwao atarudi nyumbani akisema: ni chama chetu kilituambia. Akiacha dawa ya tansyo ya hospitali juu ya poda, tutakwenda ku kilio na uso gani? Yule baba wa Mongolia ya Ndani hakudanganywa na neno "kartoni". Alidanganywa na neno "mila".

Meza ile ku mulango iwekwe, lakini ipewe wenye kujua majani. Wako: wako wamama wa Kasenga na wa Bukama wanaoishi kati yetu, wako wazee wawili ku Kenya wenye kujua miti kuliko mutaalamu yeyote. Walete majani yao, wasiuzishe kitu. Wanafunzi wetu wa mwaka wa tano wa biolojia waandike jina la kila jani kwa Kiluba, kwa Kibemba, kwa Kisanga, na jina la kisayansi kama linajulikana, na kando yake: linatumiwa kwa nini, linakatazwa kwa nani, wakati gani mutu aache na akimbie ku hospitali. Ile safu ya mwisho, wazee wenyewe njo waliiomba tulipowatembelea. Moja alisema, "Jani lenye halina makatazo, ile ni mboga."

Juu ya tenti, tumeuliza ku parokia. Iko na mbili za kukodisha, moja imepasuka ku kona, na bei yake, tukichanga kila mutu franka elfu tano, tunaifikia. Waliotoa tayari ni 31.